Kioo cha Maji cha Ile Thelathini na Moja

Hapa Gisenyi hakuna reli. Nchi nzima haina, wala sisemi kwa kulalamika, ndivyo ilivyo. Kwa hiyo baba yangu, aliyeumaliza ujana wake juu ya injini za mvuke kule Tabora, amezeeka katikati ya watu ambao wengi wao hawajaona hata gurudumu la treni. Mkamwana wangu alizaliwa Goma, ameolewa na mwanangu wa kwanza, na tunaishi naye nyumba moja hapa Nengo. Siku moja aliniuliza kwa upole kabisa: "Mama, ile treni ya muzee ilikuwa inapita kwa barabara ao kwa mayi?" Nikamwambia ilipita juu ya vyuma. Akasema, "Ah bon," akaendelea kumenya viazi.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, na ikifika mwezi wa kufungua shule sina muda wa kuongea na mtu. Ndio mwezi huo shoga yangu wa utotoni aliponipata kwenye simu, kupitia kundi la watu tuliosoma pamoja Tabora. Aliandika: "Wewe, bado uko hai?" Nikamjibu: "Nipo, sijafa, nina sare tisini mezani." Hatukuwa tumesemezana tangu tukiwa watoto wa miaka sita au saba, na bado tulianza hivyo, kama watu walioachana juzi kisimani.

Akanieleza habari yake. Kuna wastaafu wachache na vijana wa hapo mjini wameamua kuiokoa injini moja ya mvuke iliyoachwa kwenye reli ya pembeni miaka yote hiyo. Wamefyeka majani, wamefukuza nyuki waliojenga kwenye dohani, wanapiga rangi, wanaijengea paa, na pembeni watasimamisha bango la historia yake. Yeye yumo kwa sababu baba yake ndiye aliyekuwa akiiendesha. "Na wako ndiye aliyechochea moto," akaandika. "Unaikumbuka?"

Ningeisahau vipi? Ilikuwa moja ya zile walizoziita thelathini na moja. Mbele magurudumu madogo mawili, katikati manane makubwa yanayovuta, nyuma manne. Zilitengenezwa nyepesi kwa makusudi, ili zipite njia zenye vyuma vyembamba kama ile ya Mpanda. Zilichoma mafuta mazito meusi, si kuni. Kila baada ya safari ndefu mchochea moto alitupa mchanga ndani ya tanuri ili ufagie masizi kwenye mabomba, na hapo moshi ulitoka mweusi tii. Mama zetu walikuwa wakisikia filimbi fulani wanakimbia kuanua nguo, huku wakiwatukana waume zao kwa majina yote.

Na kila moja ilipewa jina la kabila, limechongwa kwenye kibao cha shaba ubavuni. Basi Tabora, mji wa utani, ilikuwa balaa tupu. Injini ya kabila fulani ikizimika njiani, watani wa kabila hilo walijaa stesheni: "Haya, ndugu yenu kalala relini, nendeni mkamwamshe na uji!" Watu wazima, wenye familia. Injini ya mzee dereva ilikuwa na jina la kabila ambalo sitalitaja. Hapa kwetu mambo ya makabila tumeacha kuyatajataja, na mazoea ni mazoea. Ila nitasema kwamba baba yangu naye alitaniwa, aliitwa Muha wa Kibondo, akacheka na kujibu utani kama Muha. Hakuwa Muha. Alikuwa mkimbizi kutoka huku, aliyeingia reli kwa cheti cha mtu mwingine. Mkimbizi alitakiwa akae kambini alime.

Nyumba zetu za reli ziligawana ukuta mmoja. Shoga yangu upande ule, mimi upande huu, tukigongeana kwa kijiko. Baba yake alikuwa mtu mzima, mkali wa kazi, mpole wa nyumbani. Baba yangu alikuwa na miaka kama ishirini na minane. Mzee alimwita "kijana" na alimfundisha kila kitu, pamoja na sheria moja ya juu ya injini ambayo haikuandikwa popote: dereva anauliza mara moja, mchochea moto anajibu mara moja, na neno hilo halirudiwi. Kumuuliza mwenzako mara ya pili ni kumwita mwongo. Waliosimama pamoja juu ya moto hawaitani waongo.

Sasa nieleze kioo, maana bila kioo hakuna kinachoeleweka. Mbele ya uso wa dereva na mwenzake kuna bomba la kioo limesimama wima. Juu lina koki ya mvuke, chini lina koki ya maji, chini kabisa lina koki ya kumwagia. Maji ya kwenye kioo yanapanda na kushuka sawasawa na maji ya ndani ya boila. Ila kioo kilichojaa pomoni na kioo kitupu kabisa vinafanana, huoni mstari wowote. Halafu njia ya chini ikiziba, mvuke unaingia kwa juu, unapoa, unageuka maji, kioo kinajaa huku boila inakauka. Ndiyo maana kioo hakiaminiwi kwa macho. Unafunga juu, unafungua ile ya chini kabisa, unasikiliza. Maji yakitoka kwa kishindo, njia ni nzima. Yasipotoka, unazima moto na kumwambia dereva mara moja. Baba alinifundisha haya juu ya meza ya chai, kwa glasi na kijiko, tangu nikiwa msichana. Aliyarudia tulipohamia huku, akayarudia kwa wanangu. Kila mtu katika nyumba hii anayajua kama Baba Yetu, na hakuna hata mmoja anayeyahitaji.

Kisa chenyewe ni kifupi. Walikuwa wamepita Kaliua, wamesimama stesheni ndogo kuweka maji kwenye tangi, mbele yao kuna mlima mrefu. Injini ilikuwa na vioo viwili, kimoja kilipasuka juzi yake na kufungwa, kikabaki kimoja. Mzee akauliza, "Umekijaribu?" Baba akajibu, "Nimekijaribu, kimejaa." Wakaondoka. Katikati ya mlima kizibo cha madini ya risasi kilichoko kwenye paa la tanuri kikayeyuka, kama kinavyotakiwa maji yakiisha juu yake, na mvuke wote ukashukia moto. Mzee aliungua mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Hakuna aliyekufa. Paa la tanuri lilijikunja, injini ikavutwa hadi Tabora na kuegeshwa, na kwa kuwa dizeli zilikuwa zimeshaanza kuingia, hakuna aliyeiwasha tena hadi leo.

Wakubwa walikaa kikao. Baba yangu alisema alikijaribu kioo na maji yalikuwemo, ya baada ya hapo hayajui. Mzee akaulizwa kama alifungua koki ya upande wake ya kuingiza maji kwenye boila mlimani. Alikuwa hakufungua, kwa sababu aliambiwa boila imejaa. Angeweza kusema, "Huyu kijana hakukijaribu." Hakusema. Alisema, na shoga yangu anayo karatasi ya kikao, "Kama kijana amekijaribu, basi mimi nimesahau jambo." Wakaandika kwamba dereva alizembea. Akatolewa kazini na nyumbani wakati mmoja. Nakumbuka godoro lao limefungwa kamba mlangoni, na shoga yangu amelikalia. Hakuniaga. Walikwenda kulima tumbaku kwa ndugu.

Sisi tukabaki. Baadaye baba akawa dereva. Nilisoma mpaka kidato cha nne, mama akapata cherehani, hii hii ninayoshonea. Miaka yote baba alisema, "Mimi nilikijaribu." Hakuna aliyemuuliza.

Basi, siku ya Jumanne shoga yangu akanitumia picha. Mafundi walikuwa wamefungua kile kioo ili wakisafishe, wakaikata njia ya chini kwa msumeno. Ndani ilikuwa imeziba kabisa kwa ukoko wa chokaa, mgumu, mweupe, haupiti hata sindano. Chini ya picha aliandika kwa furaha: "Shoga, umeona? Kioo ndicho kilichodanganya! Baba yako alikijaribu, kikamdanganya. Baba yangu naye kikamdanganya. Hakuna mwenye kosa, tutaandika hivyo kwenye bango. Nimelia kwa furaha."

Niliitazama ile picha. Vijana wale ni mafundi wa dizeli, na wastaafu wenyewe walikuwa makarani na wapiga bendera. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukijaribu kioo. Ila mimi nilijua, kwa sababu ya ile glasi na kijiko. Njia iliyoziba namna ile, ukifunga juu na kufungua chini, haitoi hata tone. Mtu aliyekijaribu angejua palepale. Baba hakukijaribu.

Sikuhisi kitu. Nasema kweli, na sijisifu wala sijilaumu. Moyo ulikufa ganzi, mikono ikaendelea. Nilishona kola nne. Nikamjibu shoga yangu, "Mungu mkubwa," maneno ambayo hayajibu chochote. Halafu akapiga simu, nikapokea huku nakanyaga cherehani.

"Natamani tu baba aelewe," akasema. "Yuko hai, shoga. Hasikii vizuri, ila yuko hai. Nimemwambia kioo kilikuwa kibovu. Anasema hapana, kijana alikijaribu, mimi ndiye niliyesahau. Siku hizi anasahau kweli, jina langu linampotea. Na kila akisahau kitu anasema ndio ugonjwa wake ule ule ulioanzia mlimani. Eti ulimwanza akiwa na miaka arobaini. Alikataa kuendesha hata baiskeli. Alikataa kushikishwa mtoto."

"Kushikishwa mtoto?"

"Wanangu hajawabeba hata mmoja. Alisema atawasahau mahali."

Nikamwambia nina mteja mlangoni. Hakukuwa na mteja. Nilikaa. Kumbe bango halikuwa shida, bango lingeandikwa vyovyote. Kulikuwa na mzee mmoja Tabora ambaye kwa karibu miaka hamsini amejihesabu mtu asiyefaa kuaminiwa, na dawa yake ilikuwa neno moja, na neno hilo lilikuwa uani kwangu limevaa sweta.

Nilimpelekea baba simu saa nne asubuhi. Alikuwa kwenye kiti chake uani, jua linapopiga. Nilimvalisha miwani, nikaikuza picha kwa vidole. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Wamekata wapi?" akauliza.

"Njia ya chini."

"Ya maji."

"Ya maji, baba."

Akavua miwani, akaikunja, akanirudishia simu. Akauliza kama viazi vya Nyakiriba vimeshaletwa. Nikasema vimeletwa. Mazungumzo yakaishia hapo. Nilirudi kwenye sare zangu na nilikuwa na hasira, lakini hasira ya mbali, kama njaa ya mtu mwingine.

Siku mbili hakula. Mkamwana alikuja kusimama mlangoni pangu mikono kiunoni. "Mama, muzee hakuli. Nimemupa bugali, hapana. Nimemupa chai, anaiangalia tu. Ni ile picha ulimuonesha? Donc ni picha ya nini? Mi naona ni kipande ya chuma tu."

"Ni kipande cha chuma," nikasema.

"Basi kipande ya chuma inamuua."

Loo! Huyo binti ana mdomo. Nilizima cherehani, nikatoka uani, nikavuta kigoda nikakaa mbele ya baba, magoti kwa magoti, jambo ambalo mtoto wa kike hafanyi kwa baba yake. Nikavunja ile sheria yao.

"Baba, ulikijaribu?"

Akanitazama kama nimempiga. Ni kweli nilikuwa nimempiga.

"Ulikijaribu kioo?"

"Hapana," akasema.

Halafu akasema yote, kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya sabuni. Usiku wa kuamkia safari mama alikuwa na uchungu wa kumzaa mdogo wangu, yule aliyekuja kufariki, na baba hakulala. Pale stesheni alikaa chini kidogo, usingizi ukamchukua. Mzee alipouliza akaruka, akakiona kioo cheupe, hakina mstari, akasema kimejaa. Kwenye kikao akawa na nafasi ya kusema. Lakini anayefukuzwa kazi hukaguliwa vyeti, na cheti kilikuwa cha Muha mmoja aliyekufa. "Wangeturudisha kambini. Wewe, mama yako, kichanga chake. Nikasema nitamwambia mzee mambo yakitulia. Yalipotulia, alikuwa ameshahama."

"Tabora na mashamba ya tumbaku si mbali, baba."

"Si mbali," akakubali.

"Na cheti hakikuhitajika tena tuliporudi huku."

"Hakikuhitajika."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya kwake ilikuwa ndefu kuliko reli ya Mpanda, na mimi nilikuwa nimepanda bure, safari nzima. Hilo nalo nililisema kwa mdomo.

Nikamweleza habari ya yule mzee. Kwamba anasahau, na anaamini alianza kusahau siku ile. Kwamba hajabeba mjukuu. Baba alisikiliza akiwa ameshika mikono yake miwili pamoja. Aliposikia ya wajukuu akafumba macho. Mwanangu mdogo, ni yeye aliyembeba mpaka akatembea. Kila mtu hapa Nengo alizoea kumwona akipita naye mgongoni, amejifunga kitenge, watu wakimcheka.

"Washa hiyo ya sauti," akasema.

Nikabonyeza kitufe, nikamsogezea simu mdomoni. Alijikohoza. Alikaa sawa kwenye kiti kama mtu aliyeingia ofisini.

"Shikamoo mzee," akasema. "Ni mimi, kijana wako wa moto. Mzee, uliniuliza kama nimekijaribu, nikasema ndiyo. Sikukijaribu. Nilikuwa nimelala. Kingenionyesha, maana kilikuwa kimeziba. Hukuyafungua maji kwa sababu nilikuambia yamejaa. Hukusahau kitu. Niliogopa, nikakuacha ubebe. Sina la zaidi, mzee."

Akaondoa uso kwenye simu. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma, na nitasema ukweli, nilimfikiria shoga yangu kabla ya baba yake. Nilifikiria godoro lile lililofungwa kamba. Ningeweza kufuta na kumwacha na furaha yake ya kioo kibovu, yeye na bango lake. Angebaki shoga yangu. Nikatuma.

Alama zikawa mbili, zikawa za buluu. Alisikiliza. Kisha kimya. Siku hiyo nzima, na iliyofuata, na ya tatu. Baba alikula kidogo. Hakuuliza, ila kila simu ilipolia aligeuza kichwa. Nilimaliza sare, wazazi wakaja kuzichukua, mmoja akalalamika kwamba suruali ni fupi, nikamjibu kwamba mwanawe ni mrefu.

Siku ya nne ikaja sauti. Nilikwenda nayo uani, nikakaa kwenye kigoda, nikaiwasha tuisikie sote wawili. Mwanzoni yalisikika maneno ya baba mwenyewe, yanachezwa kwa nguvu kwenye simu nyingine, ndani ya chumba cha watu. Yakaisha. Sauti ya mzee, nyembamba lakini kali, ikasema: "Rudia." Yakachezwa tena mpaka mwisho. "Rudia." Mara ya tatu. Kisha kuku wanalia nje huko Tabora.

"Kwa hiyo mimi sikusahau?" akauliza.

"Hukusahau, baba," akajibu shoga yangu. Alikuwa analia.

"Sikusahau," akasema mzee. Na kwa sauti ya juu zaidi, akiwaambia waliokuwepo: "Mmesikia nyie? Sikusahau! Nileteeni huyo mtoto."

Pakawa na vurugu ya viti, mtu anacheka, mtoto anaanza kulia kwa kushikwa na asiyemjua. Sauti ikakatika hapo. Chini yake shoga yangu hakuandika kitu, wala hajaandika mpaka leo.

Ganzi ikaniachia palepale. Nililia, nikajifuta kwa kipande cha kitambaa cha sare, nikalia tena. Baba alingoja mpaka nikanyamaza.

"Ameniambia nini mimi?" akauliza.

"Hajakuambia kitu, baba."

"Hata salamu yangu hakuitikia?"

"Hakuitikia."

Akatikisa kichwa taratibu, akaniomba nimrudishie ile sehemu ya mtoto aisikie tena.